Muulize Bi Mhasibu: Mvua ya Vuli na Kitabu cha Bajeti

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza juu ya pesa za mabaraza ya miji na kama maoni ya mwananchi yana uzito wowote ndani yake, kwa hivyo nimeziweka pamoja. Kwa msomaji mgeni: nilikuwa mhasibu wa baraza la mji hapa Pemba kwa miaka 26, sasa nimestaafu na nakaa Chake Chake. Majina ya wanaoniandikia siyatoi, na mitaa yao siitaji. Na sheha ninayemtaja humu ni kiongozi wa shehia, eneo la utawala la ngazi ya chini kabisa huku kwetu Zanzibar.

*Asalaam aleikum Bi Mhasibu, na shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wanne, nafundisha skuli ya maandalizi. Masika ya mwaka jana maji yaliingia ndani kwa majirani zangu mpaka magodoro ya watoto yakaelea. Sheha akaita mkutano mwezi wa Mei, tukaenda wengi, wanawake kwa wanaume, na sote tukasema neno moja: tunataka mtaro. Karatasi ikaandikwa, tukatia saini. Julai bajeti mpya ikaanza na mtaro haukuwemo. Badala yake vikajengwa viti vya saruji vya kupumzikia kando ya barabara. Mwaka huu sheha ameita tena na watu hawataki kwenda, wanasema tunaitwa kupigwa picha tu. Je, ndivyo? Na kama sivyo, tulikosea wapi? — Mwalimu, Pemba*

Wa aleikum salaam mwanangu, marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, na neno lililonikaa rohoni ni jina la mwezi: Mei.

Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni. Mtu akisikia hivyo hudhani Mei ni mapema, bado ana miezi miwili ya kusema. Lakini Mei na Juni ndipo Baraza la Wawakilishi linapokaa Chukwani kwa kikao cha bajeti, na vitabu viko mezani vimeshachapwa. Makadirio ya baraza la mji yanakuwa yameshapita kwa wakuu wa sehemu, yameshapita kamati ya fedha, madiwani wameshayapigia kura, yameshapelekwa Unguja kwenye ofisi ya wizara inayosimamia Serikali za Mitaa, na huko yameshakatwakatwa ili yaenee ndani ya ukomo uliotolewa. Sisi kazini jalada jipya tulikuwa tukilifungua Novemba. Ikifika katikati ya Februari, mtu akija na ombi jipya ilibidi litolewe jambo jingine ndipo lake lipate nafasi, na hakuna mkuu wa sehemu anayekubali kutolewa lake.

Kwa hivyo mkutano wenu wa Mei ulikuwa mkutano wa haki lakini ulikuja kitabu kimefungwa. Na hili nimeliona mwaka baada ya mwaka. Masika yanapopiga, watu wana uchungu, nyumba zimelowa, mkutano wa sheha unajaa. Vuli inapokuja, Oktoba mpaka Disemba, mvua yake kwa kawaida ni nyepesi, maji hayavuki kizingiti, na anayeitwa mkutanini anasema ana shughuli. Ilhali vuli ndiyo wakati ambao mimi nilikuwa nimekaa na penseli mkononi na ukurasa mtupu mbele yangu.

Sasa nikwambie na upande wetu sisi tuliokuwa ofisini, maana sitaki ubebe lawama yote wewe na majirani zako. Kuna mwaka mmoja fomu za vipaumbele vya shehia zilitufikia zimechelewa. Muda ulikuwa umekwisha, simu zinapigwa kutoka Unguja, makadirio yanatakiwa. Nilichukua kitabu cha mwaka uliotangulia, kila kasma, yaani kila fungu la matumizi, nikaiongeza kidogo, nikakipeleka. Fomu za shehia nikazitia kabatini nikijiambia nitazitumia mwaka ujao. Mwaka uliofuata zilikuja nyingine, na zile za kabatini hakuna aliyezifungua. Ndani yake zilikuwemo saini za watu, na alama za vidole gumba vya wazee wasiojua kuandika. Sijapata kulisahau hilo, na ndilo lililonifanya nikubali kuandika ukurasa huu. Kwa hivyo majirani zako wanaposema maoni huishia kabatini, hawasemi uongo. Yapo yanayoishia huko.

Lakini yapo pia yanayotoka. Na yanayotoka nayajua yalivyo.

Fomu nyingi zilikuwa zikiandikwa hivi: "Wananchi wanaomba maji, umeme, barabara nzuri, mtaro, kituo cha afya." Mistari miwili, basi. Mhasibu akiipata hiyo anaifanyia nini? Maji ni kazi ya Mamlaka ya Maji, umeme ni wa Shirika la Umeme, barabara kuu ina wizara yake. Baraza la mji halina kasma ya hayo hata likitaka. Katika mambo matano, lililokuwa letu ni mtaro, na mtaro wenyewe hausemi unatoka wapi unakwenda wapi. Hauna urefu. Jambo lisilo na urefu halina bei, na jambo lisilo na bei haliwezi kukaa katika kitabu cha bajeti, kwa sababu kila mstari wa kitabu hicho unamalizikia kwa tarakimu.

Mwaka mwingine walikuja kina mama watano kutoka shehia moja, na mkononi wana kamba ya kufungia mbuzi. Kamba hiyo walikuwa wameipima kwa mwenye duka la vitambaa, wakaitia fundo kila mita moja, kisha wakatembea nayo kutoka nyumba ya mwanzo inayoingia maji mpaka kwenye bonde maji yanakotakiwa kumwagika. Mita 84. Wakahesabu nyumba zinazofurika: 17. Wakaandika nyumba zipi zina mzee au mgonjwa wa kitandani. Wakaandika pia kwamba katikati ya njia kuna mnazi wa mtu, na mwenyewe ameshakubali ukatwe, na saini yake hii hapa. Fundi wetu wa ujenzi aliposoma ile karatasi alinyanyuka siku ile ile akaenda kutazama. Aliporudi alikuwa na mchanganuo: saruji mifuko kadhaa, kokoto, mchanga, vibarua, siku ngapi. Nikauweka katika makadirio kwa sababu ulikuwa umeshakuwa na umbo la kuwekwa.

Nitakuwa mkweli hadi mwisho: mwaka ule haukujengwa. Ulijengwa mwaka uliofuata. Sababu yake ndiyo jambo ambalo watu wengi hawaambiwi, kwa hivyo nivumilie kidogo.

Bajeti ya baraza ina sura mbili, makisio na makusanyo. Makisio ni yale tunayotarajia kupata: ushuru wa masoko, leseni za biashara, maegesho, ada za taka, pamoja na ruzuku kutoka Serikalini. Makusanyo ni yale yaliyoingia kweli. Tuseme baraza limekisia kukusanya milioni 100 na likapanga matumizi ya milioni 100. Mwaka ukapita, zikaingia milioni 65. Zile 35 ambazo hazikuja zinakatwa wapi? Vibarua wanaofagia mji alfajiri lazima walipwe. Gari la taka lazima litiwe mafuta, siku tatu tu likisimama soko linanuka. Umeme wa ofisi lazima. Kinachokatwa ni maendeleo, na katika maendeleo kinakatwa kile kilichopangiwa robo ya mwisho ya mwaka. Mtaro wa wale kina mama ulikuwa umepangiwa robo ya mwisho. Haukufutwa na mtu mwenye roho mbaya. Ulikuwa nyuma kwenye foleni na pesa zikaisha kabla ya kuufikia.

Ndiyo maana nawaambia watu: mkishaambiwa "limo kwenye bajeti", msiondoke. Ulizeni limo robo ya ngapi, na linategemea chanzo gani cha pesa. Wale kina mama waliuliza, wakarudi tena vuli iliyofuata, wakaomba mtaro wao upelekwe robo ya kwanza. Ukajengwa kati ya Septemba na Oktoba, ardhi ikiwa kavu, na ndio wakati wa kujenga mtaro hata kwa akili ya kawaida.

Ama vile viti vya saruji vilivyokukera. Inawezekana havikula pesa za mtaro wenu hata shilingi moja. Mara nyingine mfadhili anatoa fedha kwa ajili ya jambo maalumu, upendezeshaji wa mji kwa mfano, na fedha hiyo haihamishwi kasma kwa sababu tu watu wanahitaji kitu kingine zaidi. Inawezekana pia aliyepanga aliona viti vinaonekana na gari za wageni wakubwa na mtaro hauonekani. Siwezi kujua nikiwa huku. Lakini swali hilo lina jibu, na jibu lake limo katika kitabu cha makadirio: viti vilikuwa kasma gani, fungu lake limetoka wapi. Mwulizeni diwani wenu. Yeye kura ya kupitisha bajeti ile aliipiga, kwa hivyo kulijibu ni wajibu wake.

Mwaka huu nendeni mkutanini, mwanangu, hata mkiwa kumi. Pimeni mtaro. Andikeni barua moja kwa jambo moja, ielekezwe kwa Mkurugenzi wa baraza kupitia kwa sheha, na nakala kwa diwani. Nakala moja ibaki mikononi mwenu ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe. Muhuri ule ni mdogo lakini karani akishaugonga, barua inakuwa na namba katika daftari la barua zinazoingia, na yenye namba haipotei kirahisi kama zilivyopotea zile za kabatini kwangu. Na kabla ya yote hakikisheni njia ya maji hayo haipiti kando ya barabara kuu, maana kama inapita huko, mlango wa kubisha ni mwingine, na mtapoteza vuli nzima kwa watu wasio na uwezo wa kuwasaidia.

*Shikamoo Bi. Mimi nauza samaki sokoni, meza yangu ni ya mwaka wa 9 sasa. Kila siku nalipa ushuru. Siku nyengine napewa risiti, siku nyengine naambiwa mashine haina chaji. Paa la soko upande wetu limetoboka, mvua ikinyesha samaki wanaoga mara ya pili. Nikiuliza pesa zetu zinakwenda wapi naambiwa mimi mkorofi, na naogopa nisije nikahamishwa meza. Je, ni haki yangu kuuliza? — Muuza samaki*

Marahaba mwanangu. Ni haki yako, na siku zote risiti idai. Najua unaona risiti ni kikaratasi cha kutupa, lakini nikueleze ninavyoiona mimi niliyekaa upande wa pili wa dirisha.

Ushuru uliolipa bila ya risiti haukuingia katika leja. Kwa hivyo kwenye hesabu za baraza wewe siku ile hukuuza samaki, na meza yako ilikuwa tupu. Wenzako kumi wakifanyiwa hivyo, soko zima linaonekana limezorota. Mwakani mhasibu anapotafuta makisio anatazama makusanyo ya mwaka huu, anaona soko lako linaleta kidogo. Na kamati ya fedha inapokaa kugawa pesa za matengenezo, soko linaloleta kidogo linapangwa nyuma. Kile kikaratasi ndicho ushahidi pekee kwamba nyinyi mnastahili paa. Mashine kukosa chaji si sababu, mkusanyaji aje na kitabu cha risiti za mkono au arudi baadaye.

Kuhusu kuogopa kuhamishwa: usiende peke yako. Kaeni wa meza zote za upande wenu, na wa mboga wakiwemo, muandike barua ya maneno machache kupitia kamati ya soko. Ombeni tarakimu tatu tu za mwaka uliopita: soko lilikisiwa kuleta kiasi gani, lilileta kiasi gani, na kiasi gani kilirudi sokoni kwa matengenezo na usafi. Msiseme kuna wizi, kwa sababu hamjui kama upo. Mtu anayeulizwa tarakimu tatu hana pa kuonesha ukali wake.

Na jueni kwamba hesabu za mabaraza zinakaguliwa. Katiba ya Zanzibar ya 1984 imemuweka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ripoti zake zinafika Baraza la Wawakilishi, na kuna kamati ya Wawakilishi inayowahoji wakurugenzi juu ya yaliyomo. Nimekaa mbele ya wakaguzi mara nyingi. Jambo la kwanza wanalolitaka ni vishina vya vitabu vya risiti. Wanavitazama kimoja kimoja, namba kwa namba, na kitabu kikikosekana hawaondoki. Risiti zako wewe zitie ndani ya mkebe wa maziwa uzihifadhi. Siku moja mkaguzi anaweza kuzihitaji kuliko mtu yeyote.

*Bi Mhasibu, mimi ni mwanafunzi wa chuo. Nimesoma kwamba kuna mji Brazil wananchi wenyewe wanapiga kura kugawa bajeti. Kwa nini sisi tusifanye hivyo hapa? Sheha wetu ni mtu mzuri lakini hatukumchagua.*

Mji huo ni Porto Alegre, na walianza mwaka 1989. Mji uligawiwa maeneo 16, kila eneo likawa na mikutano ya wazi, watu wakapanga wanachokitaka mbele, wakachagua wajumbe wao, na wajumbe wale wakakaa pamoja kugawa fedha za miradi kwa vigezo vilivyokubaliwa: eneo lina watu wangapi, limekosa nini. Waliotoka mitaa ya mabondeni isiyo na lami wala maji machafu kupitishwa ndio walionufaika sana. Nyumba zilizounganishwa na huduma ya maji safi na maji machafu zilikuwa asilimia 75 mwaka 1988, zikafika asilimia 98 mwaka 1997. Karibu na sisi, Kenya, Katiba yao ya 2010 imelazimisha wananchi washirikishwe, na kaunti zao 47 haziwezi kupitisha bajeti bila ya kuwaita. Kaunti ya Makueni inasifiwa kwa kuwa na kamati za wananchi zinazousimamia mradi mpaka mkandarasi aondoke.

Usiache kusoma sura ya mwisho, mwanangu. Porto Alegre walisimamisha utaratibu ule mwaka 2017, baada ya kudhoofika miaka mingi kabla yake. Kilichoanza kuudhoofisha ni miradi iliyopigiwa kura na ikakaa bila ya kujengwa. Mwananchi akishapiga kura mara mbili na haoni kitu, mara ya tatu anabaki nyumbani, kama wanavyotaka kubaki majirani wa yule mwalimu wa barua ya juu.

Hapa kwetu, ulivyosema ni kweli. Bara, mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji anapigiwa kura. Huku sheha anateuliwa na Mkuu wa Mkoa. Kwa hivyo mtu wa karibu zaidi anayezipigia kura pesa za baraza, na ambaye wewe ulimpigia kura yeye, ni diwani wa wadi yako. Sheria ya Serikali za Mitaa Namba 7 ya mwaka 2014 imewapa madiwani kazi ya kupitisha mipango na bajeti za mabaraza. Mimi naona vijana wanamjua mbunge, wanamjua mwakilishi, wanajua hata mchezaji wa timu ya Ulaya amenunuliwa kwa bei gani, diwani wao hawamjui jina. Anza hapo. Mwaliko mmoja wa kuja kukaa barazani kwenu jioni, mkiwa vijana 20 na swali moja lililoandikwa, unaweza kuufanya wiki hii bila ya kusubiri sheria ibadilishwe. Sheria nayo ningependa ibadilishwe, nalisema wazi: ningependa kila baraza lilazimike kubandika ukuta wa sheha, kila robo mwaka, karatasi moja ya nini kilipangwa na nini kimefanyika. Kazi yake kwa mhasibu ni asubuhi moja. Najua, kwa sababu nilikuwa nikiitengeneza karatasi kama ile kwa ajili ya madiwani, na kuitoa nakala ilikuwa ni kubonyeza mashine tu.

*Mama, mimi mzee wa miaka 70 na kitu. Mwakilishi wetu alitujengea kisima, na diwani anasema kisima ni cha baraza. Nani mkweli?*

Ami, kuna mifuko tofauti. Mwakilishi ana mfuko wa maendeleo ya jimbo kutoka Serikali ya Mapinduzi, mbunge ana wake kutoka Serikali ya Muungano, na baraza lina fedha zake. Kila mmoja una hesabu zake na kamati yake. Inatokea pia wakachangia kitu kimoja, huyu akachimba, yule akaleta pampu. Mwombe sheha akuoneshe hati ya makabidhiano ya kisima, pale itaandikwa fedha ni za mfuko gani na nani atalipa pampu ikiharibika. Hilo la mwisho ndilo la kuliulizia zaidi, kwa sababu kisima kisichokuwa na mwenye kulipia matengenezo kitakausha ndoo zenu kabla ya mwaka wa pili kwisha.

*Bi Mhasibu, mimi ni sheha. Unatulaumu kila siku. Mimi naita mikutano, nagonga mlango kwa mlango, wanakuja wazee sita wa msikitini na mwanamke mmoja. Shehia yangu iko pwani. Nikipeleka maoni ya watu saba nasema ni ya shehia nzima, dhamira inanisuta. Nifanye nini?*

Bwana Sheha, kwanza ahsante, na kama maneno yangu yamekuumiza unisamehe. Mtu ambaye dhamira inamsuta kwa sahihi saba ndiye ninayemtaka kwenye kiti hicho.

Uniambie mikutano unaiita lini. Nina dhana, kwa sababu mimi mwenyewe nimezaliwa pwani na mama yangu aliingia kwenye mwani tangu kilimo hicho kilipokuja mwishoni mwa miaka ya 1980. Mikutano mingi ya shehia huitwa Jumamosi au Jumapili saa 4 asubuhi, kwa sababu ndiyo siku maafisa wa wilaya wana nafasi. Sasa Jumamosi hiyo ikiangukia bamvua, maji yametoka mbali, kina mama wote wa mwani wako chini pwani wamejifunga kanga kiunoni, na hawatatoka mpaka maji yarudi. Mwanamke hawezi kuacha kamba zake akaja kusikiliza habari za bajeti. Wavuvi wa kupiga mbizi nao wako huko huko. Umewaita siku ambayo bahari nayo imewaita.

Hesabu kwa mwezi, si kwa kalenda ya ofisini. Maji mafu yanakuja mwezi ukiwa nusu, mara mbili: tarehe 7 mpaka 9 za mwezi wa Kiislamu, na tena 21 mpaka 23. Siku hizo maji hayatoki vya kutosha, mwani haufanyiwi kazi, kina mama wako majumbani wanaanika na kusuka kamba. Ita baada ya sala ya alasiri, saa 10 na nusu hivi, uwaachie nafasi ya kwenda kupika kabla ya magharibi. Usiite skulini, wanawake wengine wakifika skulini wanakaa nyuma kama wanafunzi na hawanyanyui mkono. Ita uwanjani chini ya mti pale wanapoanikia mwani, na wewe ndiye ukae kwenye jamvi lao. Wazee wa msikitini watakuja popote, hao usiwahofie.

Na karatasi igawe mara mbili: maoni ya wanawake yaandikwe peke yake na mwanamke, maoni ya wanaume peke yake, kisha zisomwe zote mbili kwa sauti mbele ya wote kabla ya kutiwa saini. Nimeona mara nyingi wanaume wameandika barabara na wanawake wameandika daraja la kuvukia maji ya mkondo, na zote mbili ni njia ile ile moja. Mhasibu akipata karatasi mbili zinazotaja mahali pamoja, anajua pa kuanzia.

Tazama mwezi utakapoandama, uchague siku katika zile za maji mafu kabla Novemba haijaisha, kisha uniandikie tarehe. Kutoka Chake mpaka kwenu ni daladala moja. Nitakuja na futi ya fundi na daftari, nikae na kina mama tuandike pamoja.